Nani Kasema Asikande?

Kwanza tukubaliane jambo moja: mtu akiumia bega, hakuumia masikio. Bega ni bega na sikio ni sikio. Mama Hamira alikuwa tayari kulisema hilo mbele ya kadamnasi, kwa sauti ya kufika barabarani, na kweli alilisema. Yaliyompata yangempandisha mori hata mtu mpole, na yeye upole hakuumbiwa.

Jina lenyewe alipewa bekari. Ukishatia hamira kwenye unga, unga ule haufichiki tena. Utafura, utapanda, utasukuma kifuniko. Ndivyo alivyokuwa yeye akikasirika. Alikuwa mkandaji wa bekari ile tangu tanuri lilipokuwa la kuni, na sasa alikaribia hamsini, mikono imejaa, mgongo umenyooka. Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufunga kilemba na kuzamisha mikono kwenye unga. Meza ya kukandia, ile ya mbao iliyobonyea katikati, hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe cha chai juu yake. Nyumbani alikuwa mama wa fulani, mke wa fulani, wifi wa fulani. Pale mezani alikuwa yeye.

Siku aliyoumia, mbeba magunia alichelewa. Huyo walimwita Kifua, pande la mtu la miraba minne, ila mwoga wa maneno. Mama Hamira hakumngoja. Akaliinamia gunia la unga, akalikumbatia, akalinyanyua kwa hasira badala ya kulinyanyua kwa magoti, na begani kukalia kitu kama kamba inakatika. Gunia chini, unga hewani, naye akabaki ameshika bega la kulia akimtukana Kifua ambaye hata hakuwepo kusikia.

Aliyempeleka hospitali ni wifi yake, dada wa mumewe. Tumtendee haki: wifi alikuwa na upendo. Ila ulikuwa upendo wa kushika usukani. Akiingia chumbani, wengine wote wanageuka abiria. Siku hiyo alivaa gauni la kutokea, kiatu cha kisigino, mkoba mkononi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na aproni, na unga hadi kwenye nyusi. Basi daktari wa viungo alipotoka na picha, hakumtazama aliyeumia. Alimtazama aliyevaa.

"Huyu mama anafanya kazi gani?"

"Anakanda unga, bekari," wifi akajibu.

"Mfupa ni mzima. Msuli ndio umechanika kidogo." Hapo muuguzi akapita anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, likilia korido nzima, na maelezo yote yakamezwa. Kelele zilipoisha Mama Hamira aliambulia mwisho tu: "...kabisa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari," akasema wifi.

Mama Hamira alikuwa palepale kwenye benchi. Angeweza kuwashika wote wawili kwa mkono wake mzima. "Na mimi je? Mimi nifanye nini?"

"Ndugu yako atakueleza, mama," daktari akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Atakueleza! Kana kwamba bega wamekuja nalo kwenye mkoba wa wifi!

Haya, akaelezwa. Ndani ya teksi wifi akatangaza, "Daktari kasema usikande kabisa."

"Mpaka lini?"

"Kabisa ni kabisa, wifi yangu. Kabisa ina tarehe?"

Na hakuishia hapo. Kila jioni wifi alifika na beseni la maji moto, taulo, na dawa ya kuchua inayowasha mpaka machoni. "Lala hivyo. Toka lini bega likapona bila kukandwa?" Vidole vyake vilikuwa vya kufungulia nati. Mama Hamira aliuma mto. Bega, badala ya kunywea, likaumuka. "Maumivu yanatoka hayo," wifi akasema, akazidisha. Mume naye, mtu ambaye ugomvi wa dada yake hakuuweza tangu utoto, aliingiza kichwa mlangoni akasema, "Mvumilie dada, anajua," kisha akatoweka.

Jirani akaja kutoa pole, akakaa, akanywa chai, akasema: "Umri nao, shoga. Misuli nayo hustaafu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Yeye mwenyewe, huyo jirani, kuinuka tu kwenye kiti alijishika mahali pawili. Mama Hamira alimeza jibu, na jibu halikumezeka vizuri.

Zikapita jioni za namna hiyo mpaka akachoka kuwa mgonjwa. Akafunga mkono kwa khanga, akaenda bekari kusalimia. Alichokikuta kilimkata maini. Kifua alikuwa mezani pake. Anaupiga unga ngumi kama unamkosea adabu, jasho linamtiririka, na alipomwona aliinamisha macho kama mtu aliyefumaniwa. Mikate yenyewe ilikuwa imepangwa pale kwenye trei, mizito, imenuna. Mkate ule ukimrushia mbwa, mbwa analia.

"Karibu, Mama Hamira," akasema mwenye bekari, ambaye wote walimwita Tajiri. "Usiwe na wasiwasi. Nitakuweka kaunta, ukae kwenye kiti, upumzike. Kifua ameanza kuizoea meza. Mwisho wa mwezi namwachia kabisa."

"Kabisa?"

"Si daktari kasema usikande?"

"Wewe daktari umemwona wapi?"

"Wifi yako kanipigia simu. Kanieleza vizuri sana."

Mama Hamira alitoka nje, akazunguka nyuma ya stoo, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, kile kinachotoka na kamasi. Miaka yote ile, meza imebonyea kwa mikono yake, na leo inagawiwa kwa simu, baina ya watu wawili ambao hawajawahi kukanda hata unga wa kubandikia karatasi. Hata kama bega limekufa, walishindwa kumwambia yeye?

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake. Hakumuaga mtu. Alivaa aproni ileile makusudi, akaketi mbele ya mlango wa daktari wa viungo mpaka ulipofunguka, akaingia bila kuitwa.

Daktari akalitazama bega, akashtuka. "Mama, huu uvimbe wa nini? Nani amelikanda hili?"

"Wifi yangu. Kila jioni."

"Lakini nilisema asikandwe!"

Mama Hamira akamsogelea.

"Ulisema nini?"

"Asikandwe. Msuli uliochanika ukiuchua ungali mbichi unauchana upya. Nilisema mkono usikae bure, afanye kazi ndogondogo, barafu kidogo, lakini asikandwe kabisa."

"Mimi nimeletewa nisikande," Mama Hamira akasema polepole. "Unga. Nimenyang'anywa meza yangu kwa kuwa nisikande, na jioni nikakandwa mpaka nikaona nyota. Yaani mlichokataza ndicho nilichofanyiwa, na mlichoruhusu ndicho nilichokatazwa."

Daktari akafumba macho. "Herufi moja tu," akanong'ona.

"Usiniletee habari za herufi!" Hapo hamira ikapanda, na foleni yote nje ikasikia. "Ungeniambia mimi ningejua! Kazini ninakanda, nyumbani ninakandwa, nani mwingine angejua tofauti? Lakini wewe ulizungumza na gauni! Nilikuuliza nifanye nini, ukanifungia mlango usoni. Bega limechanika, baba, masikio yangu mazima!"

Daktari akavuta stuli, akaketi mbele yake, macho kwa macho. "Nimekosa, mama. Nisamehe. Sasa nitakueleza wewe, na chochote usichokielewa nikatize."

Alimkatiza mara nyingi, kwa raha zake. Akafundishwa kwanza kuuacha mkono uning'inie na kuubembeza taratibu. Bega likinywea, atambaze vidole ukutani, vikipanda kama mjusi mvivu, viishie pale maumivu yanapoanza. Baadaye avute mpira uliofungwa kwenye kitasa. Ale mayai, maharage, samaki, alale vya kutosha, maana msuli hujengwa kwa chakula na usingizi, si kwa kelele. Na kabla ya kazi apashe mwili joto.

"Na kukanda?"

"Utakanda. Kukanda kwenyewe ni zoezi zuri, tutafika huko. Magunia ndiyo uwaachie wengine."

"Wananiambia misuli imestaafu."

"Haistaafu, mama. Hiyo wameiachisha kazi tu."

Jioni wifi akaingia na beseni lake, mvuke unapaa. "Lala hivyo."

"Liweke chini."

"Maji yatapoa."

"Na yapoe! Mimi nakanda, sikandwi!"

"Shukrani ya punda mateke," wifi akasema. "Vidole vyangu vimeungua kwa ajili yako." Ndipo Mama Hamira alipomweleza, neno kwa neno. Wifi akakaa kitandani na taulo lake. "Jamani. Lile gurudumu," akasema. Kisha, kwa hasira ya mtu mwenye aibu, "Si ungeuliza!" Hapo walitupiana maneno ambayo hayafai kuandikwa. Wifi akaondoka bila kisigino kimoja kugusa sakafu vizuri, na beseni likabaki hapo mpaka mume alipojikwaa nalo.

Yakaanza mazoezi. Jamani, kazi ya kupona inachosha kuliko kazi. Alama za vidole alivyovichovya kwenye unga zilipanda ukutani kidogo kidogo, kama zile za kupimia urefu wa watoto. Mume alitaka kuzifuta, akaambiwa athubutu. Siku moja alijiona amepona, akauvuta mpira kwa fujo, na bega likamjibu hapohapo. Akarudi kubembeza mkono kama mwanzo, akitukana. Mwenda pole hajikwai, watu walimwambia. Aliichukia methali hiyo, kwa kuwa safari hii ilisema kweli. Lakini vidole vikapanda. Vikafika juu ya swichi, vikafika juu ya mlango.

Wifi hakuonekana siku zote hizo.

Mwisho wa mwezi Mama Hamira akafunga kilemba, akaenda bekari. Akaingia, akasimama mbele ya Tajiri, akaunyoosha mkono wa kulia akashusha trei kutoka rafu ya juu kabisa. "Nimekuja kwenye meza yangu."

Tajiri akakuna shingo. Akatoa simu. "Ngoja kwanza nimuulize wifi yako."

Bekari nzima ilimwona anavyofura. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Mpigie," akasema. "Tena weka sauti, tusikie wote."

Simu ikaita, ikapokelewa. "Dada, habari za siku," akasema Tajiri. "Huyu yuko hapa anataka meza yake. Tumfanyeje? Daktari anasemaje?"

Mama Hamira aliushika ukingo wa meza, akingoja usukani ukamatwe.

"Yeye yuko hapo?" sauti ya wifi ikauliza.

"Yuko hapa mbele yangu."

"Anakusikia?"

"Ananisikia."

"Sasa mimi unaniuliza nini? Muulize mwenyewe. Bega ni lake." Simu ikakatika.

Tajiri akaitazama simu, akaiweka mfukoni. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu gunia lile lianguke, akamuuliza mwenyewe. "Mama Hamira. Unaweza kukanda?"

"Naweza," akasema. "Kwa sasa nusu ya kazi, nyingine baadaye. Magunia sibebi. Na kabla ya kuanza nanyoosha mabega hapa hapa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize."

Hakuna aliyecheka. Kifua alikuwa ameshasogea, ameshika kiuno chake kinachouma, na meza ameshaifuta.