Uji Uliongoja Chesi

Kazi ya mjukuu wangu ni kuketi. Tukiwa tunangoja lori la majani chai, wanawake huniuliza, "Yule msichana wako siku hizi anafanya kazi wapi?" Mimi nasema anacheza chesi. Wananingoja nimalize. Nikiwaambia nimemaliza, wananionea huruma kama mtu aliyefiwa.

Mchezo huo alifunzwa na mwalimu mmoja wa sekondari huko Karatina, na tangu siku hiyo sijapata mtu wa kunisaidia kuchuma majani. Nilimlea mimi, kwa hivyo najua ninachosema. Unamtuma maji, unamkuta amesimama na mtungi mtupu, midomo inatembea. Amepanda ndege kwenda nchi ambazo siwezi kutaja, akarudi na kikombe cha shaba ambacho hakiwezi hata kuchemsha chai.

Cheo cha juu kabisa wanakiita grandmasta. Hakipatikani kwa kuomba wala kwa uzee. Unawapiga watu wakali hapa, unawapiga tena kule, mpaka wakubwa wa mchezo waseme inatosha. Yeye alikuwa amebakisha mashindano ya Nyeri mjini, na katika hayo amebakisha mchezo mmoja tu, na mzungu fulani. Asiposhindwa, cheo ni chake. Akishindwa, anaanza kutafuta upya, na hicho kitu amekitafuta tangu kichwa changu kikiwa na nywele nyeusi.

Mchezo ulikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kangema kumwomba awe mke wa kijana wao. Siku hiyo niliichagua mimi. Aliponiambia ako na mchezo asubuhi nikamwambia cheza, wageni wanafika saa sita. Mimi najua drafti. Marehemu bwanangu alikuwa anacheza ya vifuniko vya soda nje ya duka, na kabla chai ipoe mmoja ameshashindwa na anatukanwa. Nani angeniambia kuna watu wazima wanaoweza kuketi toka saa tatu asubuhi wakiangalia ubao mmoja? Na yeye hakunieleza.

Saa sita magari yakafika. Msichana hayuko.

Kijana wangu, baba yake, alikuja jikoni akiwa na jasho. "Mama, simu yake imezimwa."

"Lazima izimwe. Ikilia huko ndani wanamhesabu ameshindwa."

"Basi niende nimtoe."

"Ukimtoa pia ameshindwa. Keti."

"Na uji je?"

Hapo ndipo kulikuwa na shida. Kwetu mambo ya ukwe hayaendi bila kinywaji, na kwa vile sisi ni watu wa kanisa, kinywaji chetu ni uji uliochacha. Lakini hauguswi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu wote kama unywewe. Yeye asipokuwepo kujibu, wageni wanarudi na njaa, na aibu inabaki kwa boma. Kumwambia mtu wa Kangema bibi-arusi yuko mjini anacheza, hapana. Hiyo singeweza.

"Geti imefungwa?" nikamwuliza.

"Imefungwa."

"Basi ikae hivyo."

Mkwe haingii boma letu hivi hivi. Wanawake wa nyumba husimama ndani ya geti wakauliza kwa wimbo: nyinyi ni nani, mmekuja kutafuta nini? Wa nje hujibu kwa wimbo, wakatoa kitu kidogo, wakafunguliwa. Huwa ni mambo ya haraka, maana kila mtu amesikia harufu ya nyama. Siku hiyo niliwaambia wanawake wetu hakuna haraka.

Wakaimba, nikawaambia huo ni wimbo wa kwaya, tunataka wa wakwe. Wakaimba mwingine, nikasema sauti hazifiki jikoni. Walikuwa wanaongozwa na nyanya wa kijana anayeoa, mwanamke mwembamba mwenye sweta nyekundu, na huyo hakuwa mtu wa kucheza naye.

"Tulisikia wanawake wa Nyeri ni wakali," akasema kupitia vyuma, "hatukujua hata geti zao ni kali."

"Na sisi hatukujua watu wa Kangema huimba kama wametetemeshwa na baridi."

Wakatoa leso. Nikasema mashangazi ni wengi. Wakatoa leso zingine. Manyunyu yakaanza, mzee wao mmoja akakalia kreti ya soda waliyotuletea. Yule nyanya akanisogelea, akanong'ona, "Mama, kwani msichana yuko?"

"Huo wimbo hamjaumaliza," nikamwambia. Kwa kubishana nao toka saa sita, sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya kuku mgonjwa.

Ilikuwa saa tisa na zaidi pikipiki ilipokuja kutoka barabarani, ikapita katikati ya wageni, ikasimama kwa geti. Bibi-arusi akashuka na matope mpaka magotini.

Nyanya wa Kangema akamtazama juu mpaka chini. "Ati tulikuwa tunaimbia nyumba tupu."

"Shosho, fungua," mjukuu wangu akasema.

"Umeshinda?"

"Tumetoka sare."

"Sare ni nini?"

"Hakuna aliyeshinda."

"Tangu saa tatu asubuhi?"

"Ilikuwa inatosha, Shosho. Nimepata." Akaanza kulia, hapo mbele ya wakwe, na kamasi. Nikafungua geti.

Alinawa miguu, akavalishwa, akaletwa mbele ya wazee. Baba yake akashika kibuyu, akamwuliza kama uji unywewe. Mtu mwingine angesema ndiyo, watu waanze kula. Yeye akafikiria. Nilitamani kumfinya.

"Unywewe," akasema, "lakini wajue nitaendelea kucheza."

Wazee wakaangalia chini. Kijana mwenyewe akaitikia kwa kichwa, lakini huyo hakuna aliyekuwa anamwuliza. Nyanya yake aligeuka, akanitazama mimi.

"Na nyinyi mlimkubalia hiyo maisha?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini sauti iliyobaki ilikuwa kidogo. Nikamchotea uji, nikamwekea mkononi.

"Kunywa, mama," nikamwambia. "Hata mimi huwa simwelewi."

Akanywa.