Kiondo cha Mheshimiwa

Mwaka ule nilikuwa na madaftari mawili, moja la somo la serikali na jingine la mambo yangu. Mara nyingi niliyachanganya. Ndiyo maana katikati ya maelezo ya jinsi jimbo la Minnesota linavyotawaliwa kuna mstari unaosema Mama amerudi kazini, hajala, amelala na viatu.

Tulikuwa tunakaa Hopkins, kwenye fleti ya chumba kimoja, baada ya kuhama ile ya kwanza iliyokuwa ghali. Kenya Mama alikuwa sista wa wodi, mkubwa wa manesi, kwa miaka kumi na miwili. Hapa alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, chini ya manesi ambao angeweza kuwafundisha. Ili afanye mtihani wa leseni ya uuguzi, ilibidi kwanza bodi ya wauguzi ya jimbo ikubali vyeti vyake. Alikuwa amevipeleka mwenyewe, kwa mkono, mwaka mzima ulikuwa umepita, na hakuna jibu lililokuja. Hakupiga simu hata mara moja. Aliamini faili haisogezwi kwa simu, bali kwa kumwona mtu.

Sikumbuki nikihuzunika. Nilikuwa kama mtu aliyekaa nje bila glavu mpaka vidole vikaacha kuuma.

Jioni moja aliniuliza shuleni tunasoma nini. Nikamwambia. Alikuwa anapiga pasi sare yake, akaendelea kuuliza bila kuinua kichwa. Gavana anawekwa na nani? Nikasema watu, kwa kura, yeye na naibu wake pamoja. Mwanasheria mkuu je? Kura. Mkaguzi wa hesabu? Kura, na si lazima watoke chama kimoja na gavana. Mama aliguna. Kwetu Rais alimteua PC wa mkoa na DC wa wilaya, mpaka ukafika kwa chifu, na wote walijua wanamshukuru nani.

"Na majaji?"

"Nao wanapigiwa kura."

"Jaji anaomba kura kama diwani," akasema, na akacheka kidogo peke yake. "Haya. Hiyo bodi ya wauguzi, nayo inapigiwa kura?"

Niliangalia daftari ili niwe na hakika. "Hapana. Wajumbe wake wanateuliwa na gavana."

Akasimamisha pasi. "Kumbe kuna mkubwa."

Nilijaribu kumweleza kwamba gavana hashiki faili za watu. Lakini tulikuwa na mbunge. Kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, na kila kipande kina mbunge wake, na kazi ya mbunge ni pamoja na kusikiliza watu wa kipande chake. Mama akasema basi tuanze na huyo, yeye atatufikisha juu. Kisha akafikiri.

"Lakini sisi hatupigi kura hapa, mwanangu. Kura hatuna. Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

Akafungua kabati, akatoa kiondo cha mwisho alichosuka nyanya yangu, chenye mistari ya zambarau. Alikuwa amekiweka kwa ajili ya siku atakayopata leseni. Ndani akatia pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho.

Hapa niseme ukweli. Wiki mbili kabla, mwalimu alikuwa ametueleza kwamba huku viongozi hawapokei zawadi kutoka kwa mtu mwenye ombi. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo na kulipigia mstari. Nilifungua mdomo niseme. Lakini uso wa Mama ulikuwa umebadilika, ulikuwa ule uso wa sista wa wodi ambao sikuwa nimeuona tangu tufike Amerika, nami nikaogopa kuuondoa. Nikasema kiondo ni kizuri.

Tulikwenda mwezi wa tatu, siku yake ya mapumziko, kwa basi hadi Minneapolis na jingine hadi Saint Paul, makao makuu ya jimbo. Theluji kando ya barabara ilikuwa imeshageuka nyeusi. Jengo la ofisi za wabunge lilikuwa na joto kali, na Mama hakuvua koti. Karani alituuliza tunatoka wapi, nikanong'ona Hopkins, akatuingiza baada ya dakika chache tu. Mama akanitazama, kwa sababu alikuwa amejitayarisha kungoja siku nzima.

Mbunge alikuwa mzee mrefu mwenye sweta ya kijani. Mama alimwita Mheshimiwa, kwa Kiswahili, kisha akaendelea kwa Kiingereza chake safi. Akamuuliza hali ya mke wake, watoto, na baridi. Akaweka kiondo mezani. Jambo lenyewe hakuligusa, maana jambo huja baada ya zawadi kupokelewa.

Mbunge alikishika, akakigeuza, akakisifu. Halafu akakisukuma kurudi upande wetu, taratibu.

"Ni kizuri sana, lakini siwezi kukipokea. Niambieni tu nini kimewaleta."

Aliposema hivyo nilijua Mama amesikia nusu ya kwanza tu, kwamba zawadi imekataliwa.

"Tulikuja kukusalimia," Mama akasema, akasimama.

Mbunge alibaki ameshangaa kidogo. Akanigeukia mimi. "Na wewe, dada, una swali?"

Alingoja. Alingoja kweli, si kwa kujifanya. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya maeneo ya uchaguzi, kila kipande na rangi yake, na nikatafuta Hopkins kwenye ramani. Bahasha yenye nakala za vyeti ilikuwa kwapani mwangu.

"Sina," nikasema.

Kwenye basi Mama alipakata kiondo. Alisema mbunge amekataa, lakini amekataa kwa heshima, wengine hata kiti hawakupi. Daftari langu la siku ile lina tarehe tu.

Jumapili alipokwenda kanisani nilibaki nikisema tumbo linauma. Nikamwandikia mbunge barua ya nusu ukurasa. Kwenye karatasi sina haya. Nilisema Mama ni nani, alipeleka nini na lini, na kwamba sisi si wapiga kura.

Jibu lilikuja pamoja na matangazo ya pizza. Ofisi yake ilikuwa imeuliza. Bodi ilikuwa imemwandikia Mama mara mbili, kwa anwani ya fleti ya zamani. Vyeti vya kuletwa kwa mkono havikubaliki. Chuo chake cha Kenya kilitakiwa kuvituma chenyewe, katika bahasha iliyofungwa. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimekosekana mwaka mzima.

Mama aliisoma amesimama, na koti mwilini. Akaisoma tena.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

Akaenda kabatini, akafungua. Kiondo kilikuwepo, na chai ndani. Akakaa nacho kitandani.

"Ile siku alikuuliza kama una swali."

"Ndiyo."

"Ukasema huna."

"Nilisema sina."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniomba kalamu na karatasi ya barua, akaanza kuwaandikia watu wa chuo chake, kwa mwandiko ule wa chati za wagonjwa. Alipofika katikati, bila kunitazama, akatoa pakiti moja ya chai kwenye kiondo, akanipa.

"Weka maji," akasema.