Maganda ya Korosho na Mgeni Rasmi

Nafundisha kemia katika sekondari moja ya hapa Songea. Nilipomaliza chuo, profesa wangu aliniaga kwa zawadi ya seli ndogo ya haidrojeni, kitu cha ukubwa wa kiberiti. Unaingiza haidrojeni upande mmoja, hewa upande wa pili, nayo inatoa umeme na matone ya maji. Moshi hakuna, kelele hakuna. Ila ndani yake kuna platinamu, madini ambayo wenye nafasi huyavaa vidoleni siku ya harusi. Platinamu ndiyo kichocheo: gesi zikiigusa zinakubali kuungana, yenyewe inabaki ilivyo. Bila kichocheo zinakaa tu jirani, kama idara mbili za serikali zilizopangiwa jengo moja.

Seli ikachoka, na platinamu haiuzwi dukani kwetu. Nikasoma kwamba kaboni iliyochanganywa na chuma na naitrojeni inaweza kushika nafasi yake, hasa upande wa hewa, ambako platinamu huliwa kwa wingi. Nikamweleza mwenzangu wa fizikia, mama mmoja mwenyeji wa Tunduru. Alinisikiliza akisahihisha madaftari.

"Kaboni tunayo," akasema. "Kwetu maganda ya korosho yanatupwa kama takataka. Naitrojeni ni urea, ile ya mahindi. Chuma ni misumari. Sasa kinachokushinda nini, mwalimu?"

Kilichonishinda kwanza kilikuwa mafuta ya maganda yale, maana yalinibabua vidole mpaka nikawa nashika chaki kwa kitambaa. Tukajifunza kuyachemsha maganda na kuyaosha. Misumari tukaiyeyusha kwa maji ya betri ya gari. Tukachanganya vyote na urea, tukakausha, tukatwanga, tukashindilia kwenye kopo la maziwa ya unga na kuliziba kwa udongo ili hewa isiingie. Kopo likawekwa kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba yangu mtaani Bombambili, na moto tuliupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya mwenzangu, ambayo haikurudi huko tena.

Urea ikiungua inatoa harufu ya choo cha stendi. Jirani yangu, mama muuza vitumbua, alivumilia asubuhi ya kwanza. Ya pili akaja ukutani.

"Mwalimu, shikamoo yako nitakuwa naipokea ukishahama. Mnapika mkojo humo?"

"Basi marahaba nitairudia hapa hapa, mama. Tunatafuta umeme."

"Umeme si upo kwenye nguzo?"

Siku hiyo ulikuwa umekatika, lakini sikubishana naye.

Makopo ya mwanzo yalitupatia majivu tu. Kisha tukapata unga mweusi, mwepesi, tukaupaka upande wa hewa wa ile seli. Upande wa haidrojeni tukauacha na platinamu yake, maana huko hatukuwa na dawa. Haidrojeni tuliipata kwa kupasua maji kwa paneli ndogo ya sola. Tulipoiunga, feni ya plastiki yenye mapanga ya ukubwa wa kucha ilisita, ikatikisika, ikaanza kuzunguka polepole. Mwenzangu alikaa chini kwenye ndoo. Feni ikaendelea kuzunguka mpaka gesi ikaisha.

Kosa letu lilikuwa kumwambia mkuu wa shule.

Mkuu wetu ni mtu wa shughuli. Kisima kikikarabatiwa, anataka utepe ukatwe. Kabla ya wiki kwisha kulikuwa na maturubai uwanjani, fulana, na bango lililoandikwa UZINDUZI WA MTAMBO WA UMEME WA KOROSHO. Mtambo wenyewe ulikuwa mezani umefunikwa na kitambaa cha maua, na kitambaa ndicho kilichoonekana. Kwa kuwa umeme wa nguzoni haukuaminika, jenereta la kukodi lilinguruma kando ili spika zipate kuusifu umeme usio na kelele.

Mkuu alitujia mapema. "Hii feni ni ndogo. Mgeni rasmi hawezi kuinama."

"Ndiyo nguvu iliyopo, mkuu," nikamwambia. "Na platinamu tumeondoa upande mmoja tu."

"Semeni mmeiondoa yote. Upande mwingine ni maelezo, na maelezo watu hawayapendi." Akatoa boksi lililopakwa rangi ya fedha, lenye taa nyeupe juu yake. "Mtaunga mpira wa pili wa gesi hapa. Taa itawaka."

Mwenzangu alilichukua boksi, akalitikisa karibu na sikio. Ndani kulikuwa na betri.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Mkuu, hii si yetu."

"Ni ya maonyesho, madam. Kila maonyesho yana vifaa vyake."

Mgeni rasmi alifika jua limeshakuwa kali. Alihutubia juu ya viwanda, juu ya vijana kujiajiri, juu ya umuhimu wa kuhutubia kwa kifupi, akaendelea. Akahoji kama tumefikiria kuiuza platinamu tunayoitengeneza. Nikamweleza kwamba hatutengenezi platinamu, tunajaribu kufanya bila hiyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile tumeamua wenyewe kuwa maskini.

Tulipofunua kitambaa, feni yetu ilikuwa inazunguka. Akaitazama kwa mbali.

"Hiyo si inazungushwa na upepo?"

Mkuu akawahi kubonyeza swichi ya boksi. Taa ikawaka sana. Mpira wa gesi wa boksi nilikuwa bado nimeushika mkononi, ncha yake inaning'inia hewani. Uwanja mzima ukapiga makofi, na mgeni rasmi akapiga zaidi ya wote.

Mwenzangu akasogelea maikrofoni. "Mheshimiwa, samahani. Hiyo taa inawashwa na betri ya dukani. Kazi yetu ni hii feni, na tukiikinga upepo bado inazunguka." Akaizungushia viganja vyake. Iliendelea kuzunguka.

Mgeni rasmi akamwangalia mkuu, mkuu akaangalia bango. Kisha mgeni akacheka. "Walimu wa sayansi bwana, mna utani," akasema, akaongozwa kwenda kula pilau. Jioni redio ilitangaza kwamba shule yetu imewasha taa kwa korosho.

Mimi nilisimama pale na mpira wangu, nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, kwa sababu maneno yale nilikuwa nayo mdomoni na yeye ndiye aliyeyatoa.

Haikuchukua muda mwenzangu akahamishiwa Madaba, kwa mahitaji ya ikama. Ikama ni idadi ya watumishi inayotakiwa mahali, na kwa namna ya ajabu huwa inapungukiwa mtu pale mtu anaposema ukweli. Mkuu alipewa cheti, akakitundika ofisini juu ya boksi la fedha.

Mwezi uliopita nilipanda basi kumfuata. Nilimkuta uani kwake, kopo liko motoni.

"Huku korosho hakuna," akasema. "Magunzi nimejaribu, hayafai. Sasa natumia soya. Soya inakuja na naitrojeni yake yenyewe, urea naweka kidogo tu. Harufu imepungua, majirani wananisalimia."

Akapaka unga wake kwenye ile seli, ambayo nilikuwa nimekuja nayo, akaunga gesi na mita ya kupimia umeme. Namba ilipanda kuliko tuliyowahi kuipata Bombambili, ikakaa. Tuliitazama mpaka shingo zikauma.

"Mkuu wa hapa anajua unachofanya?"

"Anajua nachoma soya. Anadhani natengeneza kahawa ya soya."

"Hujamsahihisha?"

"Safari hii nimenyamaza," akasema, akiongeza mkaa. "Ameomba nimwekee pakiti mbili."