Nyekundu Upande wa Ziwa

Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa dukani kwangu Bunda, nabishana na mteja kuhusu cheni ya pikipiki. Hakunisalimia. Hapo nikajua jambo ni zito, maana mama yangu anaweza kumjulia hali hata mtu aliyekosea namba.

"Redio haina besi," akasema.

"Kuna kile cha kuzungusha, mama. Kizungushe mpaka mwisho."

"Nimezungusha mpaka kimegoma. Njoo."

Nikafunga duka mchana, nikaenda Makoko kwa mama nimenuna. Nauza vipuri, na kazi hiyo imenipa ugonjwa mmoja: naamini kila kilichoharibika kinamngoja mtu asiyeogopa kukifungua. Kwa hiyo nilinuna, lakini bisibisi nilibeba.

Mama nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye makochi niliyomletea mimi mwenyewe wiki chache zilizopita kutoka kwa seremala wa Bunda. Makochi makubwa, yamejaa chumba, nami huyatazama kwa majivuno kila nikiingia. Redio ilikuwa ya marehemu baba, ile ya spika mbili za mbao zinazofika kiunoni. Kila spika ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe alichokidarizi mama, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Spika za nyumbani kwetu zimevaa vizuri kuliko sisi watoto tulivyowahi kuvaa.

Kumbe fundi wa redio alishafika. Alitoka Mwigobero na mkoba wake, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni bila hata kuutua, akatangaza kwamba spika zote mbili zimekufa na kwamba yuko tayari kumsaidia mama kuziondoa. Mama alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akahakikisha ameondoka.

Nikazivua spika vitambaa, nikapuliza vumbi. Nikamtoa mende mmoja aliyekauka pamoja na shanga niliyoililia nikiwa darasa la tatu. Nikachomeka flashi yangu mwenyewe, nikapiga muziki wa kuchezeka. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo, kama inatokea ndani ya debe, lakini mtu angeweza kucheza nayo na wala asilalamike.

"Mbona inaimba? Umeniita bure."

Mama akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia kanisani na kofia.

"Sio besi hiyo. Besi ya baba yako."

Nikakaa chini.

Baba aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Siku kwaya yao ilipoalikwa Butiama, mtu mmoja alisimamisha maikrofoni moja katikati, akawarekodi wimbo mmoja kwenye kaseti, na baadaye kaseti ile tukaihamishia kwenye flashi. Ndiyo rekodi pekee yenye sauti yake. Kuna mahali kwenye ubeti wa pili wengine wote wananyamaza na besi inatakiwa kujibu. Baba hakuwahi kuingia hapo kwa wakati. Wenzake wa besi walijibu, yeye akafuata nyuma kwa nusu pumzi, na kaseti ikamnasa hivyo hivyo. Tulimtania miaka yote. Yeye alishikilia kwamba wenzake ndio waliokuwa na haraka. Tangu tumzike, mama huupiga wimbo huo kila Jumapili akitoka ibadani, kabla hata hajavua viatu.

Akachomeka flashi yenyewe. Soprano zikaingia, alto, tenori, zote nyembamba lakini zipo. Ikafika ile sehemu ya besi kujibu. Pakasikika kitu kama upepo unapita chini ya mlango, basi.

"Anafutika," mama akasema. "Naona nimemsikiliza sana, sauti imekwisha. Nilikuwa nasikilizaga mara moja tu, siku hizi narudiaga."

Nikamwambia sauti ya flashi haiishi kwa kusikilizwa. Nilisema kwa ukali, kwa sababu niliogopa. Nikaichomeka kwenye simu yangu ili nimwonyeshe, na huko kwenye simu baba hakuwepo hata kidogo. Spika ya simu haina besi, najua, nawaambia kila siku wateja wanaopiga muziki wa simu dukani. Lakini pale nilisahau nijuacho, nikaona kweli tunampoteza mara ya pili, nami nimeshika bisibisi.

Mama akaenda jikoni. Alisema anaweka maji ya ugali, lakini sikusikia sufuria.

Nikaamua kufuata utaratibu kama ningefanya na pikipiki: kata upande mmoja, sikiliza uliobaki. Nikachomoa waya wa spika ya kwanza. Nikarudisha wimbo nyuma. Ubeti wa pili ukafika, na baba akajibu. Mzito, mzima, amechelewa.

"Huyo!" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Nikabadilisha, nikasikiliza spika nyingine peke yake. Baba yupo. Nikaziunganisha zote mbili. Baba hayupo. Yaani kila spika ikiwa peke yake inamwimba, zikiwa pamoja zinamnyamazisha. Hapo hasira yangu ikageuka udadisi, nikazunguka nyuma. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja husukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito ndizo zinazomezwa kwanza. Kwa kawaida rangi zingenionyesha, lakini zile klipu nyekundu na nyeusi za kushikia waya zilivunjika zamani, fundi mmoja akafunga skrubu zinazofanana kama pacha. Rangi zilibaki kwenye waya tu.

"Mama, nani aliunganisha hizi?"

"Mimi. Si ulileta makochi? Hapakutosha. Ile moja nikaihamishia ukuta wa pili, zikatazamana."

"Na ulijuaje waya upi uende wapi?"

"Baba yako alisemaga. Nyekundu upande wa ziwa, nyeusi upande wa barabara. Nimefanyaga hivyo miaka yote nikizisogeza kufagia. Sijawahi kukosea."

Nyumbani kwetu hapakuwa na kulia wala kushoto. Kikombe kililetwa cha upande wa ziwa, mtoto alilala upande wa barabara, na hata leo mtu akiniambia geuka kushoto nahitaji kufikiri. Na kanuni ya baba ilikuwa sahihi kabisa, zamani spika zote mbili zilipoegemea ukuta mmoja zikiangalia upande mmoja. Lakini ukimgeuza mtu atazame alikotoka, mkono uliokuwa ziwani unahamia barabarani. Spika iliyohamishwa iligeuka, ziwa likabaki palepale. Mama alimtii mumewe neno kwa neno, na kwa utii huohuo akamziba mdomo.

Nikabadilisha nyaya mbili za spika hiyo. Kazi yenyewe haikuchosha hata bisibisi. Sikumweleza kitu, nilimwita tu akae katikati ya kochi.

Wimbo ukaanza, na safari hii chumba kilijaa mpaka maua ya plastiki yakatikisika. Soprano, alto, tenori. Ubeti wa pili. Wengine wakanyamaza, mama akashika mkono wa kochi, besi za wenzake zikajibu. Kisha, nusu pumzi nyuma yao, akaingia baba.

Mama alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akavuta kitambaa cha spika kilichokuwa mapajani mwangu, akajifutia.

"Anachelewaga huyu," akasema. "Lakini anakujaga."