Bibi Asiyekuwepo Kwenye Picha

Mimi picha za vijana wa shule wanaoshindana siachi hata moja. Nikisikia banda la video hapa Mhunze wanaonyesha wasichana wawili wanaogombea kuongoza ngoma, au kukimbia, naacha mboga jikoni naenda. Darasa nilikomea la pili na Kizungu sijui, lakini tuna mtafsiri, baba mzima wa watoto wanne, anakaa kando ya televisheni na maikrofoni yake anatuambia nani kasema nini. Siku ya mnada ndiyo anachangamka, maana banda linajaa wauza ng'ombe.

Uongo wa picha hizo ni mmoja. Mtoto akishindwa anaingia chumbani kwake, analia, kesho anamkumbatia aliyemshinda, yamekwisha. Hakuna jirani anayeuliza kitu. Sisi ujanani, pamba ikishavunwa, tulicheza ngoma za mashindano, makundi mawili yanatazamana, na watu wanahamia kwa wanaowapendeza. Kila kundi lilikuwa na mganga wake. Sifichi, na mimi nilichanjwa. Alama ziko kwenye vifundo vya miguu mpaka leo. Nilicheza vizuri lakini, waliokuwepo wanajua, ingawa wengi wamekufa. Ukishindwa, swali la kwanza nyumbani lilikuwa: nani kakufanyia?

Basi, ninaishi na mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, mkimbiaji. Na binti wa jirani yetu, tunayetengana naye kwa ua wa minyaa, anakimbia pia. Leo huyu mbele, kesho yule. Halafu binti wa jirani akaumwa tumbo siku mbili, akakosa mazoezi. Watoto huumwa. Lakini mama yake akaacha kuniamkia. Akipita anaangalia minyaa.

Wiki hiyohiyo, siku ya mnada, tukawa tunatazama picha ya wasichana wa mbio. Mmoja akaanguka uwanjani akishika tumbo. Mtafsiri akasema, "Hapo bibi wa mwenzake ameshafanya kazi yake." Banda zima likacheka, na vichwa vikageuka kunitazama mimi. Kwenye picha nilitafuta huyo bibi mpaka mwisho. Hakuwepo. Nilicheka nao.

Macho yangu ni mekundu. Ni moshi, miaka yote napikia mavi ya ng'ombe na miti ya pamba, kuni hatuna. Lakini huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo. Mmoja nilimfahamu, tulikuwa tunaazimana kinu.

Asubuhi ya mashindano mjukuu alikuwa anasugua viatu vyake vya mbio. Nikamwambia, "Mwachie mwenzako."

"Nimwachie nini, bibi?"

"Mbio za leo."

Akaendelea kusugua. "Bibi, ile ni picha tu."

"Waliogeuka kunitazama hawakuwa picha, mayu," nikamjibu. Mayu ni mama. Namwita hivyo nikimbembeleza.

Uwanjani akatoka kama ndama aliyekatiwa kamba, akawaacha wote. Kwenye kona ya mwisho akageuza kichwa, akanitafuta kati ya watu. Nilikuwa nimeng'ata ncha ya kanga. Nilipomwona ananiona, sikutikisa kichwa, sikufanya lolote. Akapunguza. Mwenzake akampita.

Jirani yangu alikuja mbio, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Lakini binti yake hakushangilia. Alimfuata mjukuu wangu, anahema, akamwuliza mbele ya watu, "Kwa nini umenisubiri? Unaniona mgonjwa?" Nikangoja wakumbatiane, maana kwenye picha ndiyo mahali pake. Mjukuu wangu alinitazama mimi, kisha akainama kufungua viatu.

Sasa naamkiwa kila asubuhi. Mlango bado naukomea kwa gogo jua likiwa halijazama, maana mtoto wa watu anaweza kuumwa tumbo tena, na safari hiyo nitamwambia mjukuu aache nini? Viatu vimening'inia msumarini. Mwalimu alikuja kuuliza, nikasema mtoto miguu inamsumbua. Akaniangalia vifundo vya miguu. Nikajuta kutaja miguu.

Mnada uliopita walileta picha mpya ya wasichana wa mbio, nikamwambia twende.

"Nenda tu, bibi," akasema. "Mwisho wake naujua."

Nilikwenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, na mtafsiri aliposhika maikrofoni nikaivuta kanga mpaka usoni.