Kuchomoa Waya Mara Ishirini

Milembe alikuwa wakala wa kununua pamba kijijini Mkula tangu wanunuzi binafsi walipofunguliwa milango, na huko alijifunza jambo moja: mizani usiyoijaribu itakula wewe au itamla mkulima. Mwaka 2003 alipofungua duka la kuchapa Bariadi mjini, kompyuta moja na printa moja, aliingia na akili ileile.

Kompyuta ilitumia mfumo wa bure, usiodai leseni. Ubovu wake ulijificha kwenye kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoiamuru diski iandike nini na lini. Umeme ukikatika punde tu baada ya kuhifadhi kazi, faili lilibaki na jina lake, ndani jeupe. Na umeme wa Bariadi haukuhitaji kubembelezwa ukatike. Mwezi wa tano mtihani mzima wa Jiografia ulipotea hivyo.

"Safari hii ukipotea hata ukurasa, Mayu," mwalimu Novatus, aliyekuwa akimletea mitihani ya shule, alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "masomo yote kumi nayapeleka Mwanza."

Bila mitihani ile, duka lingebaki la kuchapa barua za kuomba ruhusa.

Jumamosi asubuhi Novatus alikuja na bahasha yake ya mitihani, akakaa kwenye benchi. Baada yake akaingia Dastan, fundi kutoka Mwanza, na sidii mfukoni.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka. Umeleta dawa au umeleta maneno?"

"Dawa. Wanaokiandika kile kiini wamekisahihisha, nimekishusha kwenye mtandao."

Akakipakia. Akaandika ukurasa, akahifadhi, akasimulia jinsi basi lilivyopata pancha mbili Nassa, kisha akachomoa waya ukutani. Alipowasha tena, ukurasa upo. Akarudia mara tano.

"Mzima!"

Novatus akaanza kufungua bahasha.

"Ifunge, Mwalimu," Milembe akasema. "Dastan, washa kwa kiini cha zamani, ufanye vilevile."

"Kile kibovu? Cha nini tena?"

"Mtu akiniambia mizani yake imetengenezwa, nami sijaiona ikidanganya, nitajuaje kilichotengenezwa? Washa."

Dastan akawasha kiini cha zamani, ambacho bado kilikuwemo kwenye diski. Akahifadhi, akaongea, akachomoa. Faili lipo. Mara ya pili, ya tatu, lipo. Akakuna kisogo.

Novatus akaangua kicheko. "Kumbe na mgonjwa naye mzima!"

"Hamjamgusa panapouma," Milembe akasema. "Unahifadhi, unatupitisha Nassa na pancha zako, ndipo unachomoa. Umeme haungoji hadithi. Pisha."

Akakaa yeye. Akaandika, akahifadhi, akahesabu moja hadi tano, akachomoa. Kompyuta ilipowaka, faili lilikuwa jeupe kama shuka la hospitali.

"Huyo hapo," akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. Adui anayeonekana anapigika.

Wakarudi kwenye kiini kipya, kwa mtindo wa Milembe sasa. Hesabu ya mbili, ya tano, ya kumi. Faili lipo. Lipo. Mara ya tisa mashine ilichelewa kuwaka, mistari ya ukaguzi wa diski ikawa inapanda tu kwenye kioo. Dastan akafuta viganja kwenye suruali. Kisha faili likafunguka, kila mstari mahali pake.

Walipofika ishirini, Milembe aligundua kwamba meno yalikuwa yakimuuma kwa kuyabana. Mabega yakamshuka. Akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua gunia.

"Mhola," akasema. Shwari.

"Sasa umekiamini?" Dastan akauliza.

"Nimekiamini, sijafunga nacho ndoa. Kila somo nitaweka na nakala kwenye disketi." Akamnyooshea Novatus mkono. "Lete bahasha, Mwalimu. Tunaanza na Jiografia."

Novatus akampa.