Pakiti ya Milka Chini ya Mtungi

Hadi leo nikiikumbuka pakiti ile nakasirika upya. Ilikuwa 1989, hapa kwetu Asembo Bay. Milka, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na shamba lililochoka kabisa. Msimu mzima lilitoa maharagwe ya kujaza sufuria mbili. Afisa wa kilimo, Bwana Khaemba, akamletea unga mweusi wenye vidudu vya udongoni, vile vinavyokaa kwenye mizizi ya maharagwe na kuyapa mbolea kutoka hewani.

"Viko hai, Mama," alimwambia. "Weka pahali baridi, changanya na mbegu, panda kabla ya wiki mbili kwisha. Vikikaa sana na joto hili vinakufa. Vikifanya kazi hapa, wewe ndiye utafundisha wakulima wa lokesheni yote."

Milka alifurahi mpaka chakula kikamshinda. Akaifukia pakiti kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji. Siku ya nne mvua ikanyesha.

Lakini kwetu Wajaluo mke hapandi chochote kabla mama mkwe hajapanda, la sivyo laana tunayoiita chira itaingia nyumbani mwake. Na mama mkwe wetu, Adero, alikuwa Obunga kwa binti yake aliyejifungua. Tukatuma ujumbe. Akajibu, "Nakuja Jumamosi." Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Nikamwambia Milka, "Si upande tu! Wewe si mtu wa kanisa?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Na chira ikimshika mtoto wangu, utamzika wewe?"

Hata mimi nisingethubutu.

Adero alifika siku ya ishirini na sita, amenenepa, akapanda mbegu zake chache, akaketi kunywa chai. Milka akapanda siku hiyo hiyo.

Maharagwe yalipotoa maua, Khaemba akaja, akang'oa mashina matatu. Mizizi mitupu. Hakuna hata kivimbe kimoja cha vidudu.

"Ulipanda lini, Mama?"

Adero alikuwa papo hapo, anachambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Milka akatazama chini. "Nilichelewa, Bwana. Nilisahau."

Nilitaka kupiga kelele. Khaemba akaandika kwenye daftari lake kwamba mkulima hakujali maagizo.

"Si niliwaambia," Adero akasema, "vidudu vya serikali ni bure tu."

"Ndiyo, Mama," Milka akajibu.

Msimu uliofuata pakiti mpya ilipelekwa kwa jirani yetu Benta, ambaye mama mkwe wake alikufa zamani.